Wema wa Mungu na Shida za Bonde la Mto Mara

Watu wa nchi iliyo kati ya milima ya Tarime na Mto Mara, kaskazini mwa Tanzania, kijiji cha Genkuru kikiwamo, walimjua Mungu kabla ya Ukristo kufika, na mateso waliyajua vilevile. Walichokuwa hawafanyi ni kuyafunga mambo hayo mawili katika swali moja. Kwa Wakurya, kama kwa Wazanaki na Wangoreme walio jirani zao, Mungu alihusishwa kwa karibu na jua linalochomoza na kuangaza wote bila ubaguzi. Hakulaumiwa kwa ng'ombe aliyekufa wala kwa mama aliyefia uzazini. Janga lilikuwa na chanzo cha karibu zaidi: kiapo kilichovunjwa, mwiko uliokiukwa, mzimu uliosahauliwa, jirani mwenye husuda. Mpiga ramli alikitafuta chanzo hicho, na ukoo ukatoa mbuzi au ng'ombe aliyetakiwa ili mambo yakae sawa. Mwaka 1970 Mkenya John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanazuoni, alichapisha utafiti wake juu ya fikra za Mungu katika mamia ya jamii za Afrika. Alionyesha kwamba wengi walimtaja Mungu kuwa mwema, na kwamba lawama za maovu kwa kawaida zilipelekwa kwingine.

Wahubiri walipokuja walileta habari njema, na pamoja nayo ugumu ambao haukuwapo. Walifundisha kwamba Mungu ni mmoja, ana uwezo wote, anamjua kila mtu kwa jina, na anaweza kuombwa moja kwa moja bila mzimu wala ramli katikati. Mama aliyeyaamini hayo akamwombea mtoto mgonjwa, kisha mtoto akafa, hakuwa tena na jirani wa kumshuku wala mzimu wa kuuridhisha. Swali lake lilikwenda juu moja kwa moja. Historia ya Ukristo wa Tarime na Serengeti kwa kiasi kikubwa ni historia ya namna swali hilo lilivyobebwa, na mara nyingi lilibebwa kwa vitendo kuliko kwa mafundisho.

Nchi yenyewe ilikuwa imetoka kwenye kipindi kibaya. Miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na kwa watu ambao mahari, faini, sadaka na heshima vyote vilihesabiwa kwa mifugo, huo haukuwa ugonjwa wa wanyama tu. Ndui, ukame na mashambulizi ya Wamasai viliongezea. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaua watu kandokando ya Ziwa Viktoria, na Wajerumani, waliokuwa na boma Shirati, wakaweka huko kambi ya kuwatibu wagonjwa. Wamisionari wa kwanza walikuta watu waliokwisha kuzika sana.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walikuwa na vituo kadhaa upande wa mashariki ya ziwa, na Mapadre Weupe walikuwa wamefungua Nyegina, karibu na Musoma. Vita vilipozuka, wamisionari Wajerumani waliondolewa, shule zikafungwa, na waumini wachache waliokuwa wamebatizwa wakabaki peke yao na vitabu vichache. Kipindi hicho hupitwa haraka katika vitabu vya historia ya kanisa kwa sababu hakina majina makubwa wala majengo, lakini hapo ndipo watu wa Mara walipojifunza kwa mara ya kwanza kusali bila mtu wa kuwaongoza.

Mwaka 1934 Wamennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer, walianza kazi Shirati, katika nchi ya Wajaluo. Walisogea baadaye hadi Bukiroba na Mugango, wakaingia Ukuryani huko Nyabasi, na wakafika Kisaka katika nchi ya Wangoreme, ambayo leo imo katika Wilaya ya Serengeti. Walikuwa watu wa kijijini, wafuasi wa kanisa lililokataa vita na anasa, na kwa sheria za mwenendo walikuwa wakali. Ubatizo ulikuwa na masharti mengi: pombe, tambiko na ndoa ya wake wengi vilikatazwa. Hapa ni lazima isemwe wazi kwamba shida za Wakristo wa mwanzo hazikutoka kwa wapagani peke yao. Mke wa pili au wa tatu ambaye mumewe alitaka kubatizwa aliweza kujikuta hana nyumba, tena kwa jina la imani. Kijana aliyekataa tambiko alikosa ng'ombe wa mahari kutoka kwa baba yake, na bila mahari hakuna mji. Makanisa yalichelewa kuuona uzito wa mzigo huo, na mengine hayajaumaliza kuujadili hata sasa.

Kilichobadilisha hali hiyo kilikuja mwaka 1942. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa umeanza Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, kutokana na urafiki wa daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi. Ukaenea Uganda, ukavuka hadi Bukoba, na Agosti 1942 ukalitikisa kanisa la Shirati. Watu waliungama hadharani: wizi, uzinzi, chuki ya kabila, hirizi iliyofichwa darini. Jambo lililowashangaza wengi zaidi ni kwamba baadhi ya wamisionari nao walisimama wakaomba radhi kwa Waafrika kwa kiburi chao. Si wote waliolipenda jambo hilo. Wengine waliona ni kelele na kujionyesha, na shaka yao haikukosa msingi kabisa, maana kuungama dhambi ya mwenzako kwa kisingizio cha kuungama yako ni hila iliyojulikana mapema.

Walokole, kama watu wa uamsho walivyoitwa, walikuwa na neno juu ya mateso lililotofautiana na la ramli na pia na la wahubiri wa sheria. Ramli ilisema shida ina mtu aliyeileta. Mahubiri ya sheria yalielekea kusema shida imeletwa na dhambi ya mwenye shida. Walokole waliona kwamba mtu huletwa karibu na Mungu akiwa amevunjika, na kwamba msalaba wenyewe ni ushahidi kuwa mwema anaweza kuteswa bila Mungu kuwa amemkasirikia. Hivyo mgumba, mjane, mkoma na aliyefiwa waliweza kutoa ushuhuda mbele ya watu bila kuonekana wamelaaniwa. Katika jamii ambayo mwanamke asiyezaa mtoto wa kiume aliweza kulazimika kuoa msichana wa kumzalia, katika ndoa ya nyumba ntobhu, kusimama hivyo halikuwa jambo dogo.

Chombo kilichobeba mafundisho hayo kilikuwa kikundi cha ushirika. Watu kumi, kumi na watano, walikutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao. Waliimba, hasa ule wimbo wa sifa wa Kiganda uliokuwa alama ya uamsho popote ulipofika, wakasoma kifungu, kisha kila mmoja akaeleza anavyokwenda na Mungu. Aliyekuwa na njaa ilijulikana, aliyepigana na mkewe ilijulikana. Mjaluo aliketi na Mkurya, na Mjita akaketi na wote wawili, wakati ambapo nje ya kikundi hicho wizi wa mifugo uliwafanya watu wa makabila na koo hizo kutazamana kwa mikuki. Mtu anayesoma kumbukumbu za kipindi hicho huona kwamba imani katika wema wa Mungu haikuimarishwa sana na hoja. Aliyelala njaa aliletewa unga na ndugu wa kikundi, naye akamhesabia Mungu unga huo.

Mtoto wa uamsho huo aliyejulikana zaidi ni Zedekea Kisare wa Kiseru, karibu na Shirati, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuungana na wamisionari mwaka 1934. Mwaka 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Uchaguzi wake uliogopwa, kwa sababu yeye alikuwa Mjaluo na waumini wengi walikuwa Wabantu, na ndugu wa ushirika ndio waliofanya kazi kubwa ya kutuliza mambo. Baadaye maisha yake yaliandikwa kitabu, na humo hali ya kuwa Mkristo wa Kiafrika chini ya wageni waliompenda na wakati huohuo wakamdharau imeelezwa bila chumvi nyingi.

Sambamba na ushirika kulikuwa na hospitali. Shirati ilikua kuwa hospitali kubwa ya ukanda wote wa kaskazini ya Mara, na katika miaka ya 1950 ikawa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Ukoma ulikuwa mtihani mkali wa fundisho la wema wa Mungu, kwa kuwa mgonjwa alitengwa na jamii na Biblia yenyewe ilionekana kuunga mkono kutengwa huko. Dawa ya dapsone ilipopatikana, ugonjwa uliodhaniwa laana ukawa kitu kinachotibika kwa vidonge na subira ya miaka. Wauguzi walioosha vidonda hivyo walitoa jibu ambalo mhubiri asingeweza kulitoa akiwa mimbarini.

Upande wa Wakatoliki, mapadre wa shirika la Maryknoll, Wamarekani vilevile, walifika Musoma mwaka 1946. Waliirithi Nyegina, ambako Julius Nyerere wa Butiama alikuwa amebatizwa Desemba 1943, pamoja na Kowak katika nchi ya Wajaluo, kisha wakafungua parokia nyingine, zikiwamo Rosana kwa Wakurya na Iramba kwa Wangoreme. Musoma ikawa jimbo mwaka 1957, na John Rudin akawa askofu wake wa kwanza. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani. Uamuzi huo uliikuta Mara katika wakati wake hasa, kwa maana Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilikuwa imewahamisha watu kwa haraka na wengine kwa nguvu, wakaacha nyuma migomba, makaburi na makanisa ya udongo, na mwaka huohuo ukame ukaleta njaa nchini. Jengo likiachwa porini, jumuiya ya familia kumi iliweza kuhama na watu wake. Padre Joseph Healey, aliyefanya kazi Iramba, aliona jinsi wanajumuiya walivyofasiri Injili kwa methali, hadithi na ziara za wagonjwa. Mengi ya namna hiyo yaliingia katika kitabu alichokiandika na Donald Sybertz mwaka 1996 juu ya teolojia ya masimulizi ya Kiafrika.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyowachukua askari wengi kutoka Mara, bunduki zilizagaa. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa kazi ya vijana wenye mikuki na upinde, ukawa biashara ya silaha za moto. Koo za Wakurya zilipigana zenyewe kwa zenyewe kwa miaka mingi, nyumba zikachomwa, na Serikali hatimaye ikaifanya Tarime na Rorya kuwa mkoa maalumu wa kipolisi. Mchungaji wa wakati huo alikabiliwa na matanga ambayo hayakuwa ya ugonjwa wala uzee. Aliyeuawa alikuwa muumini, na mara nyingine aliyeua naye alikuwa na ndugu katika kwaya.

Katika matanga hayo lilisikika, na bado linasikika, neno ambalo kila Mtanzania analijua: kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo lina kazi yake njema. Humzuia mfiwa asianze kumtafuta mchawi, na katika nchi ambayo kumtaja mchawi ni kumhukumu kufa, limeokoa maisha ya vikongwe wengi. Lakini limetumika vibaya pia. Mtu aliyepigwa risasi kwa ajili ya ng'ombe hakuuawa na Mungu, na mama aliyetokwa damu kwa kukosa gari la kumfikisha hospitali hakuchukuliwa kwa sababu muda wake ulikuwa umefika. Neno likisemwa haraka mno humwondolea mkosaji hatia na kumbebesha Mungu. Ayubu katika Biblia hakukubali kufarijiwa hivyo, na mwishoni mwa kitabu chake wanaokemewa ni wafariji.

Genkuru yenyewe iliingia katika mtihani mwingine dhahabu ya Nyamongo ilipoanza kuchimbwa kwa mitambo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na Genkuru ni mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka. Ardhi ilichukuliwa, fidia zikalipwa na kubishaniwa, wachimbaji wadogo wakapoteza mashimo yao. Ukazuka mtindo wa tegesha, yaani kupanda miti au kujenga vibanda kwa haraka ili mtu alipwe fidia. Vijana walioingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu walikutana na polisi, na Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi katika tukio moja. Miaka miwili kabla, maji yenye tindikali kutoka mgodini yalikuwa yamevujia Mto Tighite, unaoelekea Mto Mara.

Mtu anaweza kutarajia kwamba makanisa yangewaambia watu wavumilie. Baadhi yalifanya hivyo. Lakini mwaka 2008 viongozi wa dini nchini, kupitia Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA ya Waislamu, walitoa ripoti iliyohoji jinsi nchi inavyonufaika kidogo na dhahabu yake. Mwaka uliofuata ulitolewa uchunguzi wa kitaalamu wa maji na udongo unaozunguka migodi ya Geita na North Mara, nao pia ulihusishwa na viongozi wa dini. Kupima arseniki katika maji ya mto kulikuwa kitendo cha imani sawa na kuuombea mto huo. Anayeamini kwamba Mungu ameumba maji kuwa mema ana sababu ya kuuliza nani ameyaharibu.

Jibu la aina nyingine kwa mateso lilipita Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu wa Loliondo, alitoa dawa ya mizizi huko Samunge kwa shilingi 500 kikombe, akisema Mungu ndiye aliyemwotesha. Magari kutoka Kanda ya Ziwa yalipitia Mugumu na kukatisha hifadhi ya Serengeti, misururu ikawa ya siku nyingi, na wengine walifia njiani. Wapo wagonjwa wa UKIMWI walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Tangu miaka ya 1990 makanisa ya kipentekoste yalikuwa yamezoesha watu kuamini kwamba wema wa Mungu huonekana katika uponyaji na mafanikio, na kikombe kiliangukia penye udongo uliokwisha kulimwa. Kwa mtazamo wa walokole wa 1942 huo ulikuwa mgeuko mkubwa, maana kwao aliyepona na asiyepona walitoa ushuhuda uleule. Msururu wa Samunge haukuwa na nafasi ya ushuhuda wa asiyepona. Lakini watu hao hawapaswi kudharauliwa. Waliokwenda walikuwa wamechoka kuumwa, na hospitali za karibu nao hazikuwa na dawa.

Mateso ambayo makanisa ya Tarime na Serengeti yamechelewa zaidi kuyataja kwa jina ni ya wasichana. Ukeketaji kwa Wakurya hufanyika kwa misimu, kwa kawaida mwezi Desemba wa miaka inayogawanyika kwa mbili, baada ya wazee wa mila wa koo kutoa idhini. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza kitendo hicho kwa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria ilikuwa mbali na kisu kilikuwa karibu. Wazazi wengi waliowapeleka binti zao walikuwa Wakristo wa kila Jumapili au Jumamosi. Msichana aliyetokwa damu hadi kufa hakuzikwa kwa heshima, na hapo hata neno la kazi ya Mungu halikusemwa.

Kituo cha Masanga, Wilaya ya Tarime, chini ya Kanisa Katoliki, kilianza mwishoni mwa miaka ya 2000 kuwapokea wasichana wakati wa msimu. Hukaa kambini majuma kadhaa wakifundishwa mambo ya makuzi na haki zao, na mwishoni hufanyiwa sherehe ya kuvuka utoto bila kukatwa. Huko Mugumu, Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilifungua nyumba salama mwaka 2014, na aliyeiongoza alikuwa Rhobi Samwelly. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana, akatokwa damu karibu kufa, na ameeleza hadharani kwamba aliahidi kutoliacha jambo hilo liwapate wengine. Mwaka 2017 alianzisha shirika lake la kuwatetea wasichana na wanawake, lenye nyumba Mugumu na nyingine Butiama.

Kwa wasichana wanaokimbilia huko, kumwamini Mungu aliye mwema kumeanza na safari ya usiku. Wengine wametembea porini bila viatu, wengine wameelekezwa na mwalimu, mchungaji au polisi wa dawati la jinsia. Baba anayesoma Biblia nyumbani ndiye aliyekuwa amepanga binti yake akatwe, kwa ajili ya heshima na ng'ombe wa mahari. Msimu ukiisha, wafanyakazi wa nyumba hizo, maofisa ustawi wa jamii na polisi hukutana na wazazi, na wanaokubali huandika ahadi ya kutomdhuru mtoto kabla ya kumchukua. Nyumba zile huendelea kuwatembelea wasichana waliorudi. Ambao wazazi wao wamekataa hubaki, wakiendelea na shule au wakijifunza ushonaji, na jamaa zao wapya huwa wale waliokimbia pamoja nao.